Jipu langu lisilokunywa mafuta

Afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko kungoja watu wa Alunguli, ng'ambo ya mto, wawaeleze, maana wao wakifika kwenye kipande cha matope wanaongeza mambo, na aibu niliyopata inatosha bila kuongezwa.

Mnakumbuka wakati wa vita hapa Kindu gari la mtu binafsi lilikuwa hadithi tu, treni imesimama, na mimi nilikuwa nasukuma baiskeli ya chumvi kutoka Lubutu (kutoka Lubutu, ndiyo, na mvua juu). Kwa hiyo miaka hii nilipopata gari langu, jipu dogo jeupe, hata kama wengine walikuwa wameshalitumia kabla yangu, nililipenda kupita kiasi. Siku hizo hizo Papa Ramazani wa Alunguli, baba wa kijana aliyekuwa anamuoa binti yangu Mwamini, akanunua lake, jekundu, ukubwa uleule ila la kiwanda kingine, basi kila tukikutana kuzungumza ndoa tunaishia kwenye magari. Yeye hakuficha kwamba lake linakunywa sana, ndiyo maana anatembea na bidon ya mafuta ya akiba nyuma, lakini piesi zake, yaani vipuri, ziko hapa hapa sokoni na kila fundi analijua. Mimi nikasema kweli piesi za langu mpaka ziagizwe Goma zije kwa ndege, lakini za kazi gani, wakati gari haliharibiki, na mafuta ndiyo kabisa, mshale wa kipimo unabaki nusu hata niende wapi.

Mshale huo njo uliniua. Tangu ninunue jipu nilikuwa naongeza mafuta kidogo kidogo kwa mazoea tu, lakini wiki ya harusi nikaamua nisitie hata tone, ili siku yenyewe nimwambie mukwe wangu mbele ya watu: angalia, bado nusu.

Ndoa ilikuwa ifungwe msikitini ng'ambo ya mto, na walii ni mimi, bila mimi hakuna ndoa. Asubuhi Papa Ramazani akavuka kuja kutuchukua kwa heshima, na wakati wa kurudi nikashikilia kwamba jipu langu litangulie kupanda bac ya kuvushia magari, lake lifuate nyuma, kisha pikipiki na wamama wenye vikapu vya samaki wa Lokandu. Mwamini alikuwa amekaa nyuma na gauni lake, jasho likaanza kuharibu wanja, nikaacha injini inaunguruma mto mzima ili apate hewa baridi. Mke wangu akaniambia nizime. Nikamjibu hili si lile la Ramazani.

Tukagusa ng'ambo, ulimi wa bac ukashushwa, nikakanyaga. Jipu likafika magurudumu ya mbele nchi kavu na ya nyuma bado kwenye bac, likakohoa, likanyamaza. Hakuna gari la kushuka, hakuna la kupanda. Nikageuza ufunguo, nikageuza tena, nikawaambia watu ni bateri, halafu nikasema ni demareri, ile ya kuwashia injini (maana honi ilikuwa inalia vizuri tu, bateri ni nzima), na pikipiki mbili zikapenya pembeni zikaenda na habari zangu. Wajomba tuliovuka nao wakakunja kanzu ili wasukume, na mimi kwa aibu nikakataa kukaa ndani, nikaenda nao nyuma. Mteremko ulikuwa umelowa. Jipu likarudi kidogo, nikaruka pembeni kwenye ukingo, na kanzu yangu nyeupe, iliyopigwa pasi na mke wangu mwenyewe, ikakaa kwenye matope pamoja na mimi. Wamama wa samaki walicheka mpaka mmoja akashusha kikapu.

Mke wangu akachungulia mshale kupitia dirishani, akanigeukia kwa sauti ndogo.

"Baba Mwamini, ule mushale, tangu tununue gari, uliuona unatembea siku gani?"

Nikauangalia, ulikuwa bado nusu. Papa Ramazani alikuwa ameshafungua jipu lake. Akaja na bidon, akamimina taratibu bila kuniangalia, na jipu langu, baada ya kulalamika kidogo, likawaka.

Msikitini habari ilikuwa imefika zamani. Vijana mlangoni waliangalia makalio ya kanzu yangu, wakaangalia chini. Sheikh akauliza, bila ukali, nani amewakawisha watu. Nilifungua mdomo, lakini mukwe wangu akatangulia.

"Ni sisi, Sheikh. Magari yetu mbili njo zimetukawisha."

Nikakaa na matope yangu yakikauka, nikashika mkono wa kijana, nikamuozesha binti yangu. Sauti ilitetemeka. Watu wakasema ni huruma ya baba, na nusu ilikuwa kweli.

Kipimo kipya cha mafuta kilikuja kutoka Goma baada ya kukingoja sana, na kilipofungwa tukajua kwamba jipu langu linakunywa sawasawa na lile jekundu, pengine kupita. Papa Ramazani aliniongezea chai tu.

Tangu hapo nimeapa kutokusifu tena kitu chenye magurudumu mbele ya mukwe. Juzi amenunua pikipiki, akaileta mpaka kwangu, akaniuliza naionaje. Nikaizunguka vizuri, nikamwambia ina rangi nzuri.