Robo ya Moto

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sikatai. Watu wa Tawa, huku kwetu Ukambani, waliokuja kupigwa picha kwangu wanajua. Nikikwambia usipepese macho na upepese, utanisikia. Lakini hasira hizo hizo ndizo zilinifundisha kazi, kwa sababu picha ikiharibika sikuweza kuiacha mpaka nijue imeharibikia wapi.

Studio yangu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la nguo, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Flashi nilinunua Emali, kwa mzee mmoja mpiga picha ambaye alikuwa anafunga arudi kwao Murang'a. Ilikuwa na kichwa kikubwa cha taa, stendi ya miguu mitatu, na boksi zito la betri lenye swichi ya kuzungusha: moto wote, nusu, robo. Mzee akanipa na ushauri. "Mama, mtu akicheza, mpe moto wote. Mwanga mwingi ndio humsimamisha." Nikamwamini, maana alikuwa ameanza kazi hiyo nikiwa bado nanyonya. Basi nikapiga maarusi wakicheza, na miguu yao ikatoka kama moshi, na mimi nikawagombeza wao.

Mama mkwe ndiye alinifungua macho bila kujua. Alikuwa jikoni anapeta ndengu kwenye uteo, nikasema wacha nimpige. Moto wote. Nilipoisafisha ile picha, kila punje ya ndengu ilikuwa imejivuta kama uzi wa katani. Kesho yake betri ilikuwa inaelekea kuisha, nikaweka robo ili niipunguzie mzigo. Mwanga ukawa kidogo, ikabidi nisogeze taa karibu naye na nifungue lenzi zaidi. Hiyo ya pili ilitoka kila punje imesimama hewani peke yake, na kivuli chake. Nikarudia mpaka mama mkwe akaniuliza kama nimerukwa na akili, na kama nina mpango wa kula ndengu hizo au ni za kurushwa tu.

Ndipo nikaelewa. Moto mwingi hauzimi haraka. Unawaka, unakaa kidogo, na katika hicho kidogo kitu kimeshatembea. Moto mdogo unawaka na kuzima kabla mguu haujafika popote. Sikumwambia mtu yeyote. Ilikuwa siri yangu ya kazi, na nilijivunia sana.

Sasa mume wangu. Yeye alikuwa mkulima, na siku za arusi alinibebea boksi la betri, lakini watu walimjua kwa wathi, ile ngoma yetu ya Wakamba ya kuruka. Alikuwa anaruka kinyumenyume, miguu inapita juu ya kichwa, anatua kama mtu aliyeshuka ngazi moja tu. Mimi nilimpendea hapo, nisiseme uongo.

Mvua ilitukataa misimu miwili. Ghala la mahindi likabaki la panya, na hata panya wakahama. Ndipo akaja kiongozi mmoja wa kikundi cha ngoma, akitafuta wanaume wa kuwachezea wageni kwenye hoteli huko pwani. Miaka miwili, nyumbani Desemba tu. Alisema waongo wamekuwa wengi, kila mtu anajiita mrukaji. "Kila mmoja aniletee picha yake akiwa hewani, kichwa chini, na uso uonekane ni wake. Napita Ijumaa. Asiye na picha, asipoteze wakati wangu."

Mume wangu akaja studio akicheka. "Wenzangu watahangaika," akasema. "Mimi mpiga picha nalala naye."

Nilicheka pia. Lakini niliwajua wanaume wawili wa upande wetu walioenda pwani kwa mkataba, na wake zao walikuwa wanawasikia tu kwa watu. Nilikuwa na watoto watatu na umri wa miaka thelathini. Niliogopa kuachwa. Ningeweza kumwambia, "Usiende," lakini ningemwambiaje mwanamume usiende na sufuria iko tupu vile?

Tulitumia stoo ya pamba, kwa kuwa ilikuwa tupu mwaka huo na paa lake liko juu. Tulifunga mlango, kukawa na giza la kutosha. Nikasimamisha taa mbali. Nikainama kwenye boksi, mgongo wangu ukiwa kwake, na nikazungusha swichi mpaka moto wote. Mkono wangu ulijua unafanya nini.

Siku hiyo ya Jumanne aliruka mara kumi na mbili, filamu nzima. Nilipoisafisha, mguu ulikuwa moshi na uso ulikuwa kama ugali uliokorogwa. Nikampelekea moja. Akaitazama kwenye mlango wa nyumba, akageuza, akaitazama tena.

"Imetetemeka," nikasema.

"Basi turudie kesho," akasema.

Jumatano kumi na mbili zingine. Moto wote tena. Jioni goti la kushoto lilikuwa limevimba, nikalikanda na maji ya chumvi, na yeye akaniuliza kwa upole kama hizi zimetoka. Nikamwambia zimetetemeka. Akasema, "Labda ni mimi. Labda nimeanza kuzeeka, sirukii pale nilipokuwa narukia." Nilitaka ardhi inimeze. Hakunilaumu hata kidogo, mimi ambaye nimegombeza maarusi kwa makosa yangu mwenyewe.

Alhamisi alikuja stoo amefunga goti na kipande cha leso yangu. Alipokuwa anajinyoosha nilimwangalia nikaona siwezi. Nikaweka robo. Nikaivuta stendi ikaja karibu, hatua mbili tu kutoka pale anaporukia, na mimi nikapiga goti kando yake.

"Mama watoto," akasema, "hapo nitaivunja taa. Na wewe nitakupiga teke."

"Hutanipiga. Ruka."

Akaruka mara moja tu, kwa sababu goti halikuwa na ya pili. Picha ilitoka na kila kitu chake: kucha za miguu, uzi uliolegea kwenye kaptula, tone la jasho limetoka kidevuni na halijafika popote. Uso wake ulikuwa juu chini, na wazi kabisa. Hakuwa anaangalia sakafu. Alikuwa ananiangalia mimi.

Ijumaa akampa kiongozi wa ngoma picha hiyo, na wiki tatu baadaye wakamwita. Asubuhi ya kuondoka, alipokuwa anakunja shati, nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia yote: swichi, moto wote, na kwamba goti lake niliharibu mimi.

Hakuacha kukunja. "Najua," akasema. "Boksi hilo nimelibeba arusi ngapi? Moto wote unakawia kujaa. Zile siku mbili nilikuwa nasimama mpaka jasho linakauka kabla useme niruke. Na hata zile picha za ndengu za mama, ya moto wote na za robo, nilikuwa nimeziona, umezificha chini ya meza."

Nikakasirika papo hapo. "Sasa kwa nini hukusema? Ukaniacha nikuumize!"

"Ningesema nini? Nilifikiri unaniambia nisiende. Nikawa nasikiliza."

"Na kama ningeendelea hivyo?"

"Ningeruka mpaka Ijumaa ipite," akasema, "halafu ningekaa, na tungelala njaa pamoja."

Nilichukua lile shati mkononi mwake, nikalikunjua, nikalikunja upya vizuri, nikaliweka kwenye begi lake mimi mwenyewe.