Nilivyochagua internet ya ofisi tatu kwa kumpigia simu dada yangu Uvira

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Mzee wenu niko Louisville, mgongo unauma, nimeona bora niandike kuliko kulalamika. Sitaongeza chumvi, jambo lenyewe lilikuja na chumvi yake.

Nianzie mbali kidogo, mnivumilie.

Kambini Kigoma, enzi za simu za tochi, kulikuwa na jiwe nyuma ya vyoo vya block yetu. Ukisimama juu yake ukageukia upande wa ziwa, network inashika. Niliyeligundua ni mimi, na si kwa akili. Nilikuwa nimemkimbia mke wangu.

Watu wakaanza kuja pale na simu zao, wakaniita Injinia. Shule niliishia la tatu, lakini ukiitwa Injinia miaka mingi, bon, unaanza kuitika hadi moyoni.

Jina hilo likapanda ndege na mimi mpaka Kentucky.

Sasa, Neema, mtoto wa marehemu kaka yangu, ana kampuni ya ukalimani. Hospitali inapiga video call, mkalimani anakaa ofisini anamtafsiria mgonjwa wa kwetu. Ofisi moja iko huku Louisville, mtaa wa South End. Nyingine iko Columbus, na kule kuna kachumba ka mashine tunakokaita data center, kana baridi kuliko mochwari.

Ya tatu alikuwa anaifungua Buffalo, East Side. Kliniki moja ya kule ilimwahidi kazi: siku moja ya majaribio, wakiridhika wanasaini. Kina mama aliowaajiri walishaacha kazi za warehouse kwa ajili ya hiyo siku moja.

Internet aliyokuwa nayo ilikuwa inaburuza miguu. Akaniambia, "Baba mdogo, wewe si Injinia? Mimi nimebanwa na mikataba. Nichagulie line nzuri ya ofisi zote tatu."

Mtu mwenye akili angekataa. Mimi nilisema, "Hilo dogo, mama."

Louisville alikuja bwana wa mauzo wa fiber. Akanieleza kwamba ya kwake inapandisha sawasawa na inavyoshusha, upload na download kitu kimoja. Nikawa naitikia yes, yes, huku najiuliza, mimi napandisha nini? Maisha yangu yote internet ni kitu cha kushuka. Video za kwaya zinashuka, picha za harusi zinashuka.

Akatupa muda wa kujaribu. Nikafanya kipimo changu. Kipimo changu ni dada yangu, Mama Bahati, anaishi Uvira.

"Kaka, umeganda," akasema. "Mdomo wazi kama samaki wa friji."

"Wewe ndiye umeganda."

"Mimi natwanga majani ya sombe hapa, nigande vipi?"

Fiber nikairudisha.

Columbus, kampuni nyingine, fiber nyingine, dada yule yule. Alipotea kabla hajamaliza kunisalimia. Nikairudisha na hiyo.

"Zote mbovu, Baba mdogo?" Neema akauliza.

"Wamarekani wanajua kutangaza tu," nikamjibu. Nilikuwa nimeshika kiuno.

Buffalo nikajaribu line ya waya wa TV, ile ya kizamani, inashusha sana ila inapandisha kidogo. Ofisi ilikuwa tupu, mimi na viti. Nikampigia Mama Bahati. Wakuu, niliona hadi uzi uliochomoka kwenye kitenge chake.

Nikamwambia Neema hii ndiyo, weka kote. Akaweka kote.

Siku ya majaribio kule Buffalo nilivaa suti, nikakaa nyuma ya wakalimani. Wakaingia wote kwa pamoja, kila mmoja na video yake. Haikuchukua muda, sura zikaanza kuganda moja moja. Mama Esther, mmoja wa wale walioacha warehouse, alikuwa anamtafsiria mama mjamzito. Tukamsikia mgonjwa anasema, "Huyu mama iko muzima? Naona analala macho wazi."

Halafu sauti nazo zikakatika. Baadaye kidogo nesi akapiga simu ya kawaida, akasema kwa Kiingereza cha upole kwamba watatujulisha. Kiingereza hicho nakijua, ndicho huwa wananifukuzia kazi.

Neema akageuka. "Baba mdogo, hii line uliipimaje?"

"Kwa kumpigia shangazi yako."

Akachukua simu. Akampigia mwenyewe, akaweka loudspeaker ofisi nzima isikie, akamuuliza kuhusu siku niliyompigia nikiwa Buffalo.

"Siku ile?" Mama Bahati akasema. "Siku ile sikuwa Uvira. Nilikuwa Bujumbura kwa mwanangu Espoir. Mtoto ameweka fiber, inakimbia vizuri sana."

Donc, kumbe zile nilizorudisha hazikuwa na kosa, iliyoganda ni Uvira. Na niliyoisifia nilikuwa naona fiber ya mpwa wangu; kupandisha video za watu wote kwa pamoja yenyewe haikuweza.

Kwa mnaofungua ofisi: ulizeni ya kupandisha, si ya kushusha tu. Ulizeni kama line ni yenu peke yenu au mnagawana na mtaa. Ikikatika wanakuja lini, waandike kwenye mkataba. Na mjaribu watu wote wakiwa kazini, si mzee mmoja na viti. Wenye uzoefu ongezeni hapo chini, wa kunicheka pia karibuni.

Kliniki walipiga alasiri. Wamechukua kampuni nyingine.

Neema alikuwa kwenye simu anawabembeleza watu wa fiber warudi. Mama Esther akanijia taratibu. "Papa Injinia, sasa mimi narudia kwa maboksi ya warehouse?"

Hakuwa anatania.

Nikasema naenda kununua kahawa. Niliweka funguo mezani, nikavaa koti, nikalipita duka la kahawa, nikaenda hadi stendi ya mabasi, nikakata tiketi ya Louisville. Pale ofisini sijarudi tena.