Marehemu Aliyekata Keki

Sogea upande huu, wewe unayenisikiliza, mwanga wa dirishani usikupige machoni. Nataka nikueleze kazi moja ndogo ya kompyuta: kutoa faili kwenye programu ya kupanga kurasa ili mchapaji akalichape. Ni kazi fupi, usiiogope. Mimi uzito wake niliuona asubuhi moja Mwanza, miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila mwenye chumba mjini akatundika kibao mlangoni.

Kibao chetu kilisema tunachapa barua, tunatoa kopi na kufundisha kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, iliyokwishachoka kwa watu wengine kabla ya kutufikia. Jioni tuliifunika kitambaa cha kudarizi kwa sababu ya vumbi, na kwa sababu ya wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoingia kwa makundi palipo na taa. Mimi nilifundisha. Mwenzangu alichapa. Alikuwa Mjita wa upande wa Musoma, vidole vyake vimekomalia taipureta za ofisi ya ushirika mpaka alipopunguzwa kazini, na alikuwa ameolewa Buhongwa katika familia ya Kisukuma.

Wiki hiyo baba mkwe wake alifariki. Kikao cha ukoo kikagawa majukumu: huyu ng'ombe, yule maturubai, wale maji na kuni. Yeye akapewa kitabu cha mazishi, chenye wasifu, utaratibu wa ibada na picha ya marehemu. Ilikuwa mara ya kwanza ukoo kumkabidhi kitu. Miaka yote ya ndoa alikuwa kama mgeni anayejua kusoma, mtu wa kukaribishwa chakula lakini asiyeulizwa neno. Alipokuwa anatoka kikaoni, wifi yake mkubwa alisema kwa sauti ya kusikika:

"Haya, tutaona hiyo kompyuta kama inajua kuzika."

Kuna jambo ulijue kabla hatujaendelea. Katika ukoo ule wa Buhongwa, mke hataji jina la baba mkwe. Halitamki, na mwenzangu hakutaka hata kuliandika. Wasifu aliuchapa wote yeye, ila kila palipostahili jina aliacha nafasi, nami nikapita nyuma yake nikijaza.

"Samahani, mwalimu," aliniita, "kuna shimo jingine huku kwenye ubatizo."

Nikajaza hilo nalo.

Mazishi yalikuwa kesho yake. Mchapaji alitaka disketi kabla ya mchana, na mchana ndipo mtaa wetu ulipokatiwa umeme, maana ulikuwa wakati wa mgao. Mchapaji yeye alikuwa na jenereta. Sisi tulikuwa na betri ndogo chini ya meza, ambayo umeme ukikatika ilidumu kwa muda wa shikamoo na marahaba tu.

Sasa tazama kazi yenyewe. Faili ulilonalo kwenye mashine yako linakutosha wewe. La mchapaji ni lazima libebe kila kitu, kwa sababu likifika kule haliwezi kurudi kukuuliza. Kwanza unachagua printa ya mchapaji, siyo yako, hata kama haimo chumbani. Kisha unachagua karatasi. Programu zile zilikuja zimepangiwa karatasi ya Marekani, ambayo ni fupi kuliko yetu, na usipoibadilisha mistari ya chini inakatwa. Kisha unaiamuru ibebe aina za herufi ulizotumia, na unapunguza uzito wa picha ili faili litoshee kwenye disketi. Mwisho unaandika jina la faili na mahali linapokwenda. Mwenzangu alifanya yote hayo vizuri. Nilikuwa meza ya pili na mwanafunzi, namsikia akijisemea hatua moja moja kama mtu anayesali.

Kwenye jina akaandika MZEE.

Angeandika nini kingine? Tatizo ni kwamba disketi ile ilikuwa imeshakwenda kwa mchapaji wiki iliyotangulia na kitabu cha kumbukumbu cha babu mmoja wa Kiseke, aliyekuwa amesherehekea miaka mingi ya ndoa na bibi yake. Na yule naye aliitwa MZEE, kwa kuwa mwenzangu aliona si adabu kumwandika mtu mwenye mvi jina kavu kwa herufi kubwa. Basi kompyuta ikamuuliza: faili lenye jina hili lipo, nilifute niweke hili jipya?

Akajibu hapana. Baadaye aliniambia, "Niliona neno kufuta, na mbele yake mzee. Mkono ukakataa."

Kisanduku cha swali kikafungika kiooni, naye akadhani kazi imekwisha. Wifi yake alikuwa ameshafika, kanga ya msiba kiunoni, amesimama mlangoni asitake kukaa. Akaipokea disketi kwa ncha za vidole, akaondoka nayo.

Haikupita muda, tukaitwa kwenye simu ya duka la chini. Nilishuka mimi. Mchapaji alikuwa anapiga kelele kuishinda jenereta.

"Mwalimu, huyu marehemu wenu mbona anakata keki?"

"Anakata nini?"

"Keki! Amevaa suti, na bibi anamlisha. Nimetoa nakala ya kwanza, huyu mama hapa ameishika analia. Halafu ananitazama mimi."

Nilipanda ngazi. Mwenzangu alinisoma usoni, akavuta disketi nyingine tupu bila kuuliza. Nilipomwambia kuhusu keki, akasema, "Basi nimekwisha. Watasema nimemdhihaki Baba." Wasukuma wana utani wao mwingi msibani, lakini utani una wenyewe, na mkwe si mmoja wao.

Wifi akarudi amelowa jasho, nakala ya keki mkononi. Aliitandaza juu ya kibodi.

"Huyu ni baba yangu?"

"Hapana, wifi."

"Basi baba yangu yuko wapi?"

"Humu ndani," mwenzangu akasema, akigusa mashine. "Hajatoka. Nipe nafasi nimtoe."

Nilitazama saa ya ukutani. Mwanafunzi wangu alishaaga kimyakimya. Mwenzangu akaanza upya: printa, karatasi, herufi, picha. Vidole vyake, ambavyo sikuwahi kuviona vikikosea, vilikosea karatasi, akarudi nyuma akarekebisha. Akafika kwenye jina, akasimama.

"Mchapaji amesema hataki mzee mwingine," wifi akasema. "Anataka jina. Andika."

Mwenzangu akainamisha kichwa. Nikanyoosha mkono kwenye kibodi ili niandike mimi. Wifi alinitazama, akamtazama wifi yake aliyeinama, na nikaona uso wake ukielewa kitu. Nadhani alikuwa hajawahi kufikiri kwamba hata mbele ya mashine, mahali ambapo hakuna wa kumwona, yule mke wa kaka yake angeushika mwiko wa ukoo wao.

"Acha, mwalimu," akasema. "Ni baba yangu. Mimi nina ruhusa."

Mwenzangu akampisha kiti, akageukia dirisha. Wifi akaandika kwa kidole kimoja, akiwinda kila herufi kama anayetafuta chuya kwenye mchele. Kwenye ya mwisho akakwama.

"Haipo! Wametengeneza mashine bila hiyo!"

"Mstari wa juu, wifi, mkono wa kulia," mwenzangu akasema, bado ametazama nje.

Ilikuwepo. Akabonyeza, nikamwonyesha pa kukubali, na taa ndogo ya disketi ikawaka. Kurasa zikaanza kuhesabika kiooni. Hesabu ilipofika kwenye picha ikaganda, na feni ya juu ikapunguza mwendo, ikasimama. Umeme ulikuwa umekatwa.

Betri ikaanza kulia chini ya meza. Wifi akarukia disketi aiokoe.

"Usiitoe!" Mwenzangu alimshika mkono. "Bado anaandikwa. Ukimtoa sasa atabaki nusu."

Wakabaki hivyo, mkono juu ya mkono, wakiitazama taa ile. Taa ikazimika. Mwenzangu akaichomoa disketi, na kabla hajasimama kioo nacho kikawa cheusi.

Hatukuweza kuikagua. Tulikwenda wote watatu kwa mchapaji, kwa miguu, tukaizunguka mashine yake mpaka karatasi ya kwanza ilipotoka na mzee wa Buhongwa akatokea juu yake, kofia imeegemea sikio moja, fimbo ya ng'ombe begani. Wifi aliita jina lake kwa sauti. Mwenzangu alishika kona ya meza.

Kesho yake, makaburini, shangazi mmoja aliuliza kitabu kizuri namna hii kimetoka wapi. Nilikuwa karibu, nikasikia wifi akijibu: "Tumekitengeneza sisi, mimi na mke wa kaka. Yeye anajua mashine, mimi najua jina." Kisha akamvuta mwenzangu wakakaa mkeka wa mbele, wa mabinti wa marehemu.

Babu wa Kiseke naye alipita ofisini siku chache baadaye kuchukua vitabu vyake. Tulimwamkia kwa sauti kubwa mno, mpaka akauliza kama tunadhani masikio yake yamekufa.

Kwa hiyo ukifika kwenye kisanduku cha jina, andika jina la mwenye kazi, au mwite mwenye ruhusa aliandike. Hifadhi. Ngoja taa ya disketi izimike. Kisha fungua orodha ya mafaili, tafuta jina hilo, na uangalie tarehe iliyo mbele yake: kama si ya leo, usimpe mtu disketi hiyo.