Maji Yaliyoshuka Lavington

Dalmas, fundi wa mabwawa ya kuogelea kutoka Kambi Muru, alifika kazini Lavington asubuhi akatazama kidimbwi cha maji moto kando ya bwawa jipya. Maji yalikuwa yameshuka chini ya alama aliyochora jana. Kama kinavuja, vigae vyote vitang'olewa! Akalaani saruji, pampu na siku aliyozaliwa, mpaka akaona matone yakielekea jikoni.

Huko alimkuta Filister, mfanyakazi wa nyumba hiyo. Alikuwa amejaza mitungi apeleke kwake Kawangware, ambako mifereji ilikuwa imekauka.

"Pole, fundi. Maji ya bwawa yako chini mno kufikia, nikachota kidimbwini."

Dalmas akaketi ukingoni, akicheka hadi machozi.

"Chota tu, Filister. Na unitafutie mtungi. Hata kwetu maji yamepotea."