Siku Nilipomwoza Binti Asiye Wangu

Aibu hii ningekufa nayo kimya, lakini watu wa Bilele wameanza kuisimulia vibaya, wanaongeza kwamba nilikuwa nimelewa, kwa hiyo heri niiseme mimi mwenyewe (sikuwa nimelewa, nilikuwa nimeonja tu).

Mimi ni Gozbert Kamugisha wa Kashozi. Akina Gozbert Kamugisha wenye sifa mkoa huu tuko watatu: yuko hakimu mstaafu wa Muleba, yuko golikipa aliyewahi kudakia timu ya mkoa, na niko mimi, ambaye shule niliishia darasa la tatu, lakini kwa kuwaombea watu wachumba sijaona wa kunishinda, wengine niliowaombea wameshazaa, wakagombana, wakarudiana. Kwa hiyo mjukuu wangu Audax alipopata msichana Muleba, msemaji wetu angekuwa nani mwingine?

Siku ya kuposa wenzangu walitangulia na gari la kukodi. Mimi nilipitia kwa binti yangu anayekaa Bilele aninyooshee kanzu, nikawaambia, "Nendeni, nitawakuta." Wao walipofika wakasimamishwa nyuma ya migomba wasubiri kuitwa, ndiyo desturi. Mimi nikashukia upande wa pili, nikaingilia mlango wa wenyeji. Msichana mmoja akapiga magoti. "Shikamoo tata. Wewe ndiye Mzee Gozbert Kamugisha, msemaji?"

Hapo mtu mwenye akili angeuliza, msemaji wa nani? Mimi nikasema, "Ndiye."

Nikakalishwa kiti cha mbele chenye kitambaa, nikaletewa kahawa ya kutafuna na sahani ya senene wa kukaanga, nikajisemea, hawa wa Muleba wanajua kuheshimu wakwe (kule Bakoba niliwahi kukalishwa juu ya kreti ya soda, lakini hiyo ni habari nyingine). Mshereheshaji akatangaza, "Msemaji wetu amefika, mzee aliyetoa hukumu nyingi, Gozbert Kamugisha!" Makofi. Hukumu? Nikaona wamesikia ninavyosuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Nikapunga mkono. Kumbe msemaji waliyemngoja ni yule hakimu, na wote walimjua kwa jina tu, na baba wa binti, Ta Fidelis, anayemjua kwa sura, alikuwa bado ndani.

Wageni wakaitwa. Nikawaona ndugu zangu wanaingia jasho likiwatoka, mbele yao, mahali pangu, mdogo wangu Laurian, mtu asiyeweza kuongea hata kwenye jumuiya, amebeba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Akapiga magoti, akainua macho, akanikuta.

"Gozi," akanong'ona, "unafanya nini huko?"

"Hata mimi ndiyo kwanza najiuliza."

"Mzee wetu," mshereheshaji akadakia, "wageni wanaomba binti. Wajibu."

Msemaji wa upande wa binti kazi yake ni kuwatesa wageni, awaambie wamepotea njia, hawakusalimia vizuri, watoke waingie upya. Lakini nilimwona Laurian anatetemeka, nikamwona Audax amenikodolea macho, nikasema haraka haraka, "Mmepata. Binti ni wenu." Nikapokea kibuyu, nikanywa. Na ukishakunywa pombe ya posa mbele ya watu, umekubali.

Ta Fidelis akatoka ndani mbio. "Nani huyu anayegawa mtoto wangu kama ndizi?"

Hapo hapo gari likaingia, akashuka mzee mrefu wa suti. "Samahanini, tairi lilipasuka njiani. Mimi Gozbert Kamugisha."

"Wametuingizia mtu wao!" Ta Fidelis akafoka. "Hakuna posa hapa, tokeni wote!" Nikamsikia binti analia ndani. Audax akaniangalia, na mimi niliyewaombea watoto wa watu nikaona wa kwangu namvunjia uchumba. Nikasimama nikaeleza yote, kanzu, Bilele, senene, bila kuficha.

Hakimu akanisikiliza mpaka mwisho. "Fidelis, nani ulimpa kazi ya kujibu?"

"Gozbert Kamugisha."

"Na aliyejibu nani?"

Ta Fidelis akabana midomo, kicheko kikamtoka puani. "Gozbert Kamugisha."

"Basi limejibiwa. Lakini wewe, wajina, umejipa bila kuomba. Vuka upande wenu, piga magoti, uombe."

Nikavuka. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, nikapiga magoti topeni na kanzu yangu nyeupe, nikaongea, jamani, niliongea! Nikautaja ukoo wetu, nikamsifu binti ambaye hata sijamwona, mpaka mama zake wakapiga vigelegele sijamaliza, na hakimu akaninyanyua kwa mkono wake, akasema katika kesi zake zote hajasikia wakili wa namna hii.

Siku hizi nikiulizwa jina natoa na kijiji na nimetumwa na nani, na kiti cha mbele sikikalii mpaka nione sura ninayoijua. Audax na mkewe wamepata mtoto wa kiume, wamemwita Gozbert. Hakimu anatangaza Muleba nzima kwamba ni wajina wake, na golikipa akisikia naye atadai, maana mtoto anarusha mikono. Wacha waseme. Siku ya ubatizo padri aliuliza mtoto anaitwa nani, na kabla wazazi hawajafungua midomo, aliyejibu mpaka nyuma ya kanisa wakasikia ni mimi.