Kaburi la Zaituni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhariri wa gazeti letu pale Korogwe alinituma Mkumbara, ambako basi lilikuwa limegonga mbuzi. Nikarudi na habari ya machozi matupu. Akaisoma, akakata nusu.

"Binti," akasema, "mbuzi hawakuhuzunika. Wamekufa tu. Niambie mwenye mbuzi kasemaje."

Somo hilo nililibeba hadi Handeni nilikohamishiwa kuwa mwakilishi, yaani mwandishi anayekaa mbali na ofisi na kutuma habari. Mchana niliandika vikao vya halmashauri na bei ya mahindi. Jioni niliandika hadithi za sayansi: vyombo vya angani, na rubani wangu Zaituni, binti wa mkulima wa Sindeni. Wenzangu walinicheka.

"Maji ya bomba hatuna, wewe unatupeleka Mirihi!"

Niliwajibu kwamba Mirihi angalau haihitaji kibali cha halmashauri.

Mhariri alikubali shingo upande riwaya ya Zaituni itoke kwa mfululizo, kipande kimoja kila toleo. Niliporudishwa Korogwe akanichoka. Aliutaka ukurasa ule kwa ajili ya michezo. "Mmalize huyo rubani wako," akaniagiza. Niliumia, maana Zaituni nilimpenda kuliko nilivyopenda kazi. Nikamuua kwa tanzia, lile tangazo la kifo la gazetini: jina, ukoo, kijiji, na kwamba chombo kimepotelea angani, mwili haukuonekana. Fundi wa kurasa alipoona tanzia, akaipanga ukurasa wa tanzia, katikati ya marehemu wa kweli.

Gazeti lilipotoka, alikuja ofisini Bibi Mwanahawa, Mzigua wa Sindeni, na kikapu cha mahindi ya msiba. Alifuatana na jirani yake Mnyamwezi, mtani wa Wazigua. Yule mtani hakusalimia. Alijilaza mlangoni, kama watani wanavyozuia jeneza msibani kwa mzaha, akatangaza kwamba hatoki mtu mpaka maiti ije.

Mhariri akainuka taratibu. "Shikamoo bibi. Jamani, huyu mtu hayupo. Ni hadithi."

"Marahaba. Najua ni hadithi, mwanangu, mjukuu wangu hunisomea," bibi akasema. "Kwani mtu wa hadithi hana kwao? Mmemtupa huko peke yake, bila sanda."

Mhariri alimtazama mtani pale chini, kisha akanigeukia. "Mrudishe," akasema.

Kumrudisha kulinichukua riwaya nzima. Wenzake walimtafuta, wakamleta, nikamzika Sindeni, nyuma ya shamba la mihogo, kusini mwa mkwaju. Michezo ikasubiri.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaotaka kuandika huniuliza kama sioni nilipoteza umri kwa mambo yasiyokuwepo. Zamani nilikuwa nawajibu kwa kirefu, na kwa hasira kidogo. Siku hizi nawasimulia tu msiba wa Bibi Mwanahawa.

Nilikwenda kumzika nikiwa tayari mstaafu. Tulikuwa tumekaa uani, sisi wanawake, wazee wawili wakanifuata na majembe mkononi.

"Mama mwandishi," mmoja akasema, "marehemu kaacha wosia azikwe ubavuni mwa Zaituni. Sasa sisi tumekwama pale mkwajuni. Uliandika ni upande gani?"

"Kusini mwa mkwaju," nikawaambia.

Wakashukuru, wakaenda kuchimba.