Nimenyimwa Nyongeza kwa Sababu ya Korosho za Mama

Leo nimenyimwa nyongeza ya mshahara kwa sababu mama yangu ana mikorosho.

Sitanii!

Huu mwaka wa tatu niko kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Mtwara. Kazi zimeongezeka mpaka funguo za ofisi nabeba mimi. Mshahara ni ule ule niliokuja nao.

Asubuhi nikajikaza, nikaingia kwa bosi. Nikamwomba kwa adabu zote aniongezee.

Akacheka!

"Wewe si kwenu hapo Mpapura? Mihogo mnalima, korosho mnazo, kila msimu unaniletea mwenyewe. Nimemwongeza mwenzako wa Mbeya. Yule hana shamba huku."

Jamani! Huyo mwenzangu tumeanza wiki moja, kazi moja, meza zetu zinagusana.

Na hizo korosho ni heshima tu! Mama anazibangua kwa mkono, vidole vinababuka kwa mafuta ya maganda, anazikaanga, ananifungia. "Mpelekee bosi wako, mwanangu, akukumbuke."

Kumbe muda wote nilikuwa napeleka ushahidi wa kunikandamiza.

Nimefika mlangoni, bosi akaniita. Nikajua kabadili mawazo.

"Mwambie mama za safari hii asitie chumvi nyingi. Nina presha."

Niambieni, ingekuwa wewe ungemjibu nini?

Maana mimi, na hasira zote hizi, nimesema, "Sawa, bosi. Nitamwambia."